Sabuni ya Chini ya Kitanda

Juzi sokoni nilimwona mwanamke akikata mche wa sabuni kwa uzi, na harufu ile ikanirudisha Tabora, enzi zile nikiwa mwanafunzi, madukani hakuna kitu.

Mwalimu alitufundisha kwamba anayeficha bidhaa ni mhujumu uchumi. Nikanyoosha mkono kwa fahari.

"Mwalimu, mama yangu hafichi! Sabuni yake ya chini ya kitanda anawauzia majirani wote."

Akanisifu mbele ya darasa. Alasiri akaja nyumbani na mgambo wawili. Nilikimbia kumpokea, nikidhani amekuja kumpongeza mama.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

Wakamchukua mama na katoni zote za sabuni, chumba chake kikabaki kinanukia sabuni tu.

Kesi yake ilikuwa hata haijasikilizwa, siku Mwalimu alipoinama kusahihisha daftari langu, na shati lake likanukia chumba cha mama.