Pasaka Tulipokuta Ziwa Limefunika Makaburi

Pasaka hii nimerudi nyumbani Uvira, na nilipofika karibu na ziwa sikuteremka hadi ufukweni. Nilibaki kando ya barabara. Wewe ungeona maji mazuri yanayometameta. Mimi bado naona makaburi yaliyo chini yake.

Nilikuwa na miaka minane. Dada yangu alikuwa amekufa kwa homa mwaka uliotangulia, tukamzika kwenye makaburi ya karibu na ziwa. Gauni lake la kitenge likawa langu. Katekista alipotufundisha kwamba wafu watafufuka, wenzangu walifurahi, mimi nilitetemeka. Nilijua dada atakuja kulidai gauni lake, na hakuwa mtu wa kuomba mara mbili.

Mvua za mwaka ule zililipandisha ziwa. Asubuhi ya Pasaka, baada ya misa, tuliteremka kutoka Songo, mtaa wetu wa mlimani, kwenda kupalilia kaburi: baba na jembe, mama na maua, nyanya mzaa baba na fimbo yake. Tukakuta maji. Misalaba michache ilichungulia. Wa dada haukuwamo. Mama aliangusha maua, akaingia majini mpaka kiunoni, akipapasa kwa mikono.

"Toka mu maji!" nyanya alipiga kelele. "Mamba iko humo!"

Baba alimfuata, akamvuta hadi nje. Mimi nilikuwa navua lile gauni la dada huku nikilia.

"Weye unafanya nini?" nyanya akaniuliza.

"Minye naogopa. Dada akitoka, atanikuta nalo."

Alinivalisha tena, akikosea vifungo. "Akitoka, atakukumbatia. Mungu atamupatia nguo ya mupya."

"Na Mungu atamupata wapi, mama?" baba alimuuliza nyanya, maji yakimchuruzika. "Hata kaburi hakuna."

Nyanya alinyoosha fimbo kuelekea ziwani. "Hatukumupatia udongo imuchunge. Tulimupatia Mungu. Hata hii maji, siku moja Mungu ataiponya, nayo itarudisha wafu."

Aliyasema hayo kwa woga, nami nadhani ndiyo sababu nilimwamini.

Nyumbani alipika bugali, sombe ya majani ya muhogo na mukeke wa kukaanga, samaki wa lile ziwa. Mama hakugusa samaki. Miezi ikapita hivyo, sahani yake ikirudi jikoni na samaki mzima. Kisha Jumapili moja alinyoosha mkono, akamega, akala, machozi yakimtoka.

Leo nyanya hayupo tena, na ile njia tuliyoteremkia imeliwa na maji. Pale kando ya barabara nilimwita dada kwa jina lake, kwa sauti ndogo, nusu nikiomba aitike, nusu nikiogopa kwamba ataitika.