Mtu wa Kumsindikiza Fundi Pasi

Fundi Pasi alikuwa na kiburi cha kugawia mtaa mzima kikabaki. Alinyoosha mashati ya watu huku akiwatania: "Kola hii ikikukata shingo, usinilaumu!" Kisukari kilipomtia ukungu jicho la kulia, alijitia hamnazo, mpaka akaunguza gauni la bibi harusi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na gauni.

Daktari wa macho hakumficha. "Mzee, mishipa ya nyuma ya jicho inavuja. Sindano za dawa zimepunguza uvimbe, sasa mwanga wa leza uzibe panapovuja. Ukiacha tiba nusu, jicho hili litakwenda." Sharti likawa moja: aje na mtu wa kumrudisha nyumbani, kwa sababu matone ya kupanua mboni humwacha mgonjwa haoni vizuri.

Mtu gani, jamani? Mkewe alishafariki, na binti yao wa pekee hajapiga simu tangu mazishi. Majirani je? Kuwaomba aliona haya.

"Umekuja na nani?" nesi aliuliza siku ya leza.

"Binti yangu, yuko nje," akaongopa bila kupepesa. Akatoka, akamnong'oneza dada mmoja aliyekuwa akisubiri miwani yake, "Mwanangu, nisitiri. Jifanye nimekuzaa." Dada akacheka, akainuka, akamfuata kwa nesi.

"Baba anameza dawa gani za sukari?" nesi alimuuliza.

Dada akamgeukia mzee amsaidie. Fundi Pasi akajua yamekwisha, anarudishwa na jicho lake bovu.

Nesi akasonya. "Ndiyo nyinyi watoto! Hata dawa za baba zenu hamzijui. Haya mzee, ingia."

Uongo ulipita, lakini maneno yale ya nesi yalimuuma kuliko ule mwanga uliomchoma jichoni.

Alipotoka, dunia yote ilikuwa mng'aro mtupu. Dada akamshika mkono hadi getini. "Nikufikishe nyumbani, baba? Kuna nani huko?"

Alitaka kusema hakuna. Kiburi kikamtangulia. "Eh! Watu tele. Wajukuu wananisubiri hapo kituoni."

"Afadhali. Ugua pole, baba." Akamwachia mkono, akaenda zake.

Fundi Pasi akabaki peke yake getini. Alitaka kumwita arudi, lakini jina lake hakuwa ameliuliza.

"Mwanangu!" akaita. "Mwanangu!"

Barabara ilijaa watoto wa watu. Hakuna aliyeitika.