Baridi ya Alfajiri, Kisha Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini Toronto, Mkuu wa Zamu alinikalisha mbele ya kompyuta, akanipa taarifa ya hali ya hewa ya siku iliyopita, akaniambia nifute kila neno ambalo dereva wa gari la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani asingelihitaji. Nilifuta karibu yote. Akaisoma, akatikisa kichwa kuridhika, akanionyesha mahali pa kutundika koti.

Nilikuwa nimetoka Njombe, ambako nilipima mvua na joto katika kituo cha hali ya hewa kabla ya kumfuata mume wangu Kanada. Sakitu, ule umande ulioganda na kulala mweupe juu ya majani alfajiri, niliijua tangu utoto. Imewahi kuunguza viazi vya mama yangu shamba zima. Theluji ndiyo iliyokuwa ngeni kwangu. Nilirudi darasani, nikasoma upya, ndipo kampuni moja binafsi ya utabiri, karibu na uwanja wa ndege, ikanichukua. Tuliishi mtaa wa Rexdale, na nilifika kazini kwa basi la barabara ya Kipling, nimesimama pamoja na watu wa maghala waliokuwa wakitoka zamu.

Nilianzia dawati la barabara. Baada ya misimu kadhaa nikahamishiwa dawati la kilimo, kisha dawati la mkoa, na hapo ndipo nilipokaa mpaka nikastaafu. Kazi yetu pale ilikuwa kuandika mwelekeo. Vijana huchanganya utabiri na mwelekeo. Utabiri hukuambia kesho kutakuwaje. Mwelekeo hukuambia juma zima linaelekea wapi, na sisi tunaamini hivyo kwa kiasi gani. Aliyetusimamia alikuwa Mkuu wa Utabiri, mwanamama mrefu aliyekulia kwenye mashamba ya ngano ya magharibi. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia kwa kila mgeni.

"Mwambie mkulima hewa itafanya nini," alisema. "Usimwambie yeye afanye nini."

Miongoni mwa wateja wetu alikuwemo Mzee Amirali, Mwismaili mzaliwa wa Iringa, aliyekuwa na shamba la miplamu upande wa pili wa ziwa linalopakana na Toronto. Siku aliyosikia lafudhi yangu kwenye simu aliacha Kiingereza papo hapo, na tangu hapo akawa ananiita Mama Zawadi, kwa jina la binti yangu. Zawadi mwenyewe Kiswahili anakielewa, ila hunijibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo simu za Mzee Amirali zilikuwa zikinipa raha ambayo sikumwambia mtu pale ofisini.

Mwaka mmoja Machi ilikuja na joto lisilo la kawaida. Theluji iliyeyuka mapema, na miti ikadanganyika. Miplamu ikachanua wakati ambao kwa kawaida bado ingekuwa imelala. Jumatatu moja ramani zikaonyesha hewa ya kaskazini ikishuka: Jumatano alfajiri, baridi ya kugandisha; kuanzia Ijumaa, mvua. Mkuu wa Utabiri alitaka tusubiri siku moja kabla ya kutangaza, kwa kuwa majuma machache nyuma tulionya bure na wakulima wakalalamika. Nilimwambia kwamba mashine za kukodi za kukinga miti na baridi ni chache, na anayeambiwa Jumanne atakuta zimekwisha. Aliitazama tena ramani, kisha akaniruhusu niandike. Mwishoni aliongeza sentensi yake mwenyewe, kuwatuliza watu: baadaye mvua itakayoufaa udongo.

Mzee Amirali alipiga simu Jumanne mchana. Alikuwa amepata feni moja tu ya kukodi, ile kubwa yenye mlingoti, inayovuta hewa ya uvuguvugu iliyo juu na kuishusha kwenye miti. Shamba lake lilikuwa la mteremko. Mwaka uliotangulia hakuvuna kitu, na mwanawe, aliyekuwa na duka la dawa Mississauga, alikuwa amemwambia wazi kwamba safari hii wakikosa tena, wauze.

"Niiweke juu au chini, Mama Zawadi?" aliuliza.

Niliikumbuka sheria. Nikamweleza kwamba upepo utakufa jioni, anga litakuwa wazi bila wingu, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, itatiririka kwenda bondeni kama maji. Akasema ameelewa, akakata simu.

Nilipofika kazini Jumatano ujumbe wake ulikuwa unanisubiri. Feni aliiweka chini. Sakitu ilikuwa imelala kwenye mashamba ya jirani kama unga, lakini maua yake yalikuwa mazima, ya juu na ya chini. Nilimpelekea Mkuu wa Utabiri habari hiyo, naye akafunga mlango wa ofisi yake kwa muda. Nadhani hakutaka tuone furaha yake.

Ijumaa mvua ikaanza, kama tulivyoandika. Ilikuwa nyembamba, ya baridi, isiyo na haraka, na haikukatika. Nyuki hawaruki katika hali ile, na miplamu ile bila nyuki wa kupeleka chavua kutoka mti hadi mti haishiki tunda. Maua yaliyookolewa na feni yakaloa, yakaanguka.

Mei nilikwenda kumwona, yeye akiwa amenialika. Tulitembea kati ya miti yenye majani mazuri na karibu bila tunda lolote. Utabiri wetu ulikuwa sahihi mwanzo hadi mwisho.

"Baridi nilipigana nayo," aliniambia. "Mvua nilikaa ndani nikaitazama kwa dirisha, nikinywa chai. Nilishukuru hata, maana mliandika itaufaa udongo."

Akaniuliza kama auze. Nilimjibu kwamba hilo mimi siwezi kulitabiri, akacheka kidogo, akanichumia matawi ya giligilani kwenye bustani ya mkewe. Niliporudi ofisini nilimsimulia Mkuu wa Utabiri yote. Hakujitetea. Tangu juma lile, kila mvua ya majira ya maua tuliiandika pamoja na nyuki: wataruka au hawataruka. Vijana waliokuja baadaye walidhani ilikuwa hivyo siku zote.

Mzee Amirali hakuuza mwaka ule. Alimwomba mwanawe msimu mmoja zaidi, na msimu huo ukawa mwema, matawi yakainama. Ndipo akauza, kwa sababu, alisema, hakutaka kumkabidhi mtu shamba tupu. Alituletea kreti la plamu ofisini, na Mkuu wa Utabiri akala nne akiwa amesimama, maji yakimchuruzika hadi kwenye mkono wa shati.

Sasa nimestaafu, na mwelekeo nausoma kwenye simu kama mtu yeyote. Mzee Amirali anaishi Mississauga kwa mwanawe. Juzi alinipigia kuuliza kama Jumamosi itanyesha, maana mjukuu wake anacheza kriketi. Nilimwomba anipe dakika chache. Nikavaa miwani, nikafungua ramani zote, za upepo, za mawingu, za juu na za chini, nikazipitia moja moja. Kisha nikampigia, nikamwambia aende na mwavuli.