Ngoma Sita Zisizo na Risiti

Mnisamehe, kisa hiki nitakiharibu, maana nikikasirika husahau pa kuchekesha.

Juzi nilikuwa nikisubiri kikao katika ofisi ya mfadhili mmoja kule Nyarutarama. Mezani kwa karani alisimama mama mweka hazina wa kikundi cha ngoma cha Gisozi. Alileta hesabu za msaada waliopewa, ili wapate nusu iliyobaki. Karani akainua karatasi moja kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake.

“Mama, hii si risiti.”

“Ni ya mzee wa Gahanga aliyetutengenezea ngoma sita. Iko jina lake, iko dole gumba.”

“Tunataka risiti ya mashine.”

“Mashine? Yule mzee iko na kisu na ngozi tu, mwanangu!”

“Basi mrudishe pesa za ngoma. Na nusu iliyobaki msahau.”

“Turudishe na nini? Tuzichune?”

Akakunja karatasi zake taratibu, akatoka bila kuaga.

Nikachemka. Ofisi hiyo hiyo iligharamia semina ya siku mbili hotelini, kufundisha vikundi kutunza risiti! Keki ya semina ina risiti safi, ngoma inayopigwa na watoto inaitwa hewa. Nikagonga meza: “Mjinga gani alipitisha kanuni hii?”

Karani alifungua faili, akanigeuzia ukurasa wenye saini za wajumbe wa bodi walioipitisha. Ya kwanza, yenye mikogo kuliko zote, ilikuwa yangu. Posho ya kuisoma nilichukua. Kuisoma ndiko nilikosahau.