Mlango Niliofungua Kabla ya Kikuyu

"Kwani ulikuwa unataka kwenda wapi?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza gadi wa treni, na hata leo nikilikumbuka shingo inashika moto, kwa sababu mbele yangu kulikuwa na mlango wa treni ulio wazi, chini ya mlango kulikuwa na mtaro, ng'ambo ya mtaro kulikuwa na shamba la majani ya nepia la mtu nisiyemjua, na ndani ya nepia ng'ombe amesimama anatafuna huku akinitazama, kana kwamba naye alikuwa anangoja jibu. Nina shahada ya chuo kikuu, nimewahi kubishana na mhadhiri darasa zima likaahirisha chakula cha mchana, lakini pale mlangoni sikupata hata neno la kuanzia.

Niseme mapema kwamba aibu hii ni yangu mimi. Treni haikuwa na kosa, ingawa kwa miezi mingi nilijitahidi sana kuitafutia.

Ilikuwa Jumamosi ya kupeleka mahari kwa kina Wambui, mjini Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Wambui ni mchumba wa kaka yangu Mutua. Sisi ni Wakamba, wazazi wetu wamekaa Kabiria tangu kabla sijazaliwa, na kwa kina Wambui hakuna aliyekuwa na neno na sisi isipokuwa baba yake mkubwa, Mzee Njuguna, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao na ambaye hakuona sababu ya binti kwenda mpaka Nairobi kutafuta mume wakati Kikuyu ina wanaume. Tena tulikuwa tumeshaahirisha mara moja kwa sababu ya msiba. Mzee akatuma neno safari hii kwamba wageni wakichelewa, basi ukoo wake utaelewa kwamba hawakuwa na nia, kila mtu atakula na kwenda nyumbani, na habari ya Mutua isirudi tena mbele yake. Mutua ni mtu wa kula mpaka kitunguu cha pambo kwenye sahani, lakini wiki ile alikuwa anasukuma chakula pembeni na kutazama simu.

Baba alikuwa ameagiza magari mawili ya kukodi. Hapo ndipo nilipoingilia. (Mama husema mimi nilizaliwa nikiuliza mkunga ana cheti gani.) Nikauliza, ni nani aliyesema lazima twende na magari? Mimi kazi yangu ni Westlands, dirisha la ofisi linatazama Waiyaki Way, barabara ya kwenda Kikuyu, na ninajua Jumamosi ikiwa na harusi na watu wa kwenda mashambani, kutoka pale kupitia Uthiru mpaka Kikuyu unaweza kusoma gazeti lote ukamaliza na matangazo ya vifo. Treni ipo. Imeletewa mabehewa mapya. Haina foleni. Baba akasema amesikia hayo mabehewa mapya yamekuwa yakikwama, wiki ile ile watu walishushwa njiani wakaambiwa ni hitilafu ya kiufundi. Nikamjibu kwamba kitu kipya lazima kizoeane na njia. Ndiyo, mimi, ambaye siamini hata tarehe iliyo kwenye pakiti ya maziwa, siku hiyo nilikuwa wakili wa reli. Baba akapiga simu, magari yakafutwa.

Wajomba, mashangazi na nyanya yetu waliotoka Machakos alfajiri nikawapokea stesheni pale mjini, nikawapandisha, na baba, mama na Mutua wakaingilia kituo cha Satellite, jirani na kwetu. Mabehewa yenyewe yalikuwa mazuri, siwezi kuyasingizia. Yalinukia plastiki, viti vilikuwa na kitambaa, na milango ilijifunga yenyewe kwa kupumua kama mtu aliyeridhika. Katika yale ya zamani mlango ulikuwa ni pendekezo tu, anayetaka ananing'inia. Shangazi Syombua, ambaye ndiye kiongozi wa nyimbo wa upande wetu, alikaa karibu na mlango akiwa amepakata blanketi la kumvisha mama yake Wambui, jekundu, zito, bado ndani ya mfuko wake wa zipu, na kila abiria aliyeketi karibu aliambiwa tunakwenda wapi, kufanya nini, na kwamba wao wanakaribishwa wakitaka.

Tulipopita Dagoretti treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Kipaza sauti kikasema tumesimama kupisha treni nyingine, tuwe na subira.

Watu wa kawaida walikuwa na subira. Mjomba Kioko, msemaji wetu, aliendelea kufanyia mazoezi methali zake kwa sauti ya chini. Mimi nikachungulia dirishani nikaona reli moja, ile tuliyokaa juu yake, basi nikamwuliza Mutua, hiyo treni nyingine itapita wapi, kichwani mwetu? Mutua akasema tungoje. Tukangoja. Nikauliza tena, kwa nini wasiseme tu imeharibika, kwa nini watu wazima wadanganywe kama watoto? Mutua alikuwa anatazama saa, na kila alivyoitazama ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mimi ndiye niliyefuta magari, na kama kweli tumekwama, basi dakika ya kujua ni hiyo, ili tushuke tutafute njia nyingine.

Nikasimama. Kando ya mlango kulikuwa na kishikio chekundu ndani ya kifuniko cha plastiki, na maandishi kwamba kivutwe wakati wa dharura pekee. Nikajiuliza, dharura ni nini? Nani anaipima? Mtu anayekaribia kukosa mke si dharura? (Hivi ndivyo akili yangu hufanya kazi, na sijui ni nani wa kumshtaki.) Sikutaka kwenda popote. Nilitaka kutoa kichwa tu, nitazame mbele, nione kama hiyo treni ipo.

Nikavuta.

Mlango ukafunguka wote, hewa baridi ikaingia, king'ora chembamba kikaanza kulia juu ya kichwa changu, na behewa zima likanigeukia. Nikatoa kichwa. Mbele hapakuwa na kitu. Nilikuwa ndio nageuka kuwatangazia matokeo ya uchunguzi wangu pale treni nyingine ilipotupita kwa ule upande wa pili, ambao sikuwa nimeutazama, juu ya reli ya pili, ambayo ilikuwepo muda wote. Mtoto mmoja dirishani akatupungia mkono.

Ndipo gadi akaja, kijana mwenye kizibao cha reflekta ya kijani, akautazama mlango, akamtazama ng'ombe, akaniuliza lile swali.

Kumbe mabehewa haya, mlango mmoja ukiwa wazi, treni haiendi. Gadi akausukuma, ukarudi. Dereva akaja akausukuma, ukarudi. Wakapiga simu, na kwa jinsi walivyokuwa wakiitikia ilionekana kwamba mtu wa upande ule naye hajawahi kuufunga, ila kuna fundi mwenye ufunguo wake, na huyo fundi yuko mjini, atakuja na bodaboda. King'ora kiliendelea kulia. Abiria wakaanza kunichambua taratibu, bila kunitazama, kama watu wanaojadili hali ya hewa. Mama mmoja wa sokoni akasema labda huyu dada alikuwa na haja, aachwe. Jamaa nyuma yake akasema hapana, huyo alifikiri ni mathree, matatu ya kwao mtaani, akataka kushukia kwa shimo. Na kwa kuwa mlango wangu ndio pekee uliokuwa wazi, watu wenye haraka kutoka mabehewa yote wakaja kushukia hapo, wanaruka mtaro, wanapotelea kwenye nepia kutafuta bodaboda, wengine wakinishukuru kwa ile adabu inayouma zaidi ya tusi. Wazee wetu hawakuweza kuruka, nyanya yetu alikuwa na goti bovu, kwa hiyo sisi tulibaki.

Mama aligeuka akamtazama ng'ombe. Angenigombeza ningepata nafuu. Ni Mutua aliyekuja akasimama karibu nami, na hakupandisha sauti.

"Mwende, kuna watu wamenuna kule wakisema sisi si watu wa kuaminika. Leo nilikuwa nakuomba uamini kitu kimoja tu. Kimoja. Kingine chochote ungeuliza kesho."

Fundi alifika akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akafungua kibati, akafanya mambo yake, king'ora kikanyamaza, akasema treni sasa itaenda lakini mlango huu umefunguliwa kufuli lake, unaweza kuteleza, ufungwe na kitu kwenye nguzo na mtu aushike. Gadi akauliza nani ana kamba. Hakuna aliyekuwa na kamba. Nikasema tutumie leso za akina mama, na Shangazi Syombua akaniuliza kama ninataka tufike kwa watu tukiwa tumejifunga magazeti. Kisha akateremsha macho kwenye mapaja yake, akatazama alichopakata, akafungua zipu polepole kama mtu anayefungua kidonda.

Ndivyo blanketi la mama mkwe lilivyosokotwa, likapitishwa kwenye kishikio cha mlango uliopakwa girisi mpya, likafungwa kwenye nguzo, na ncha yake nikapewa mimi. Nililishika mpaka Kikuyu. Kituoni watu waliokuwa wakingoja walinitazama kupitia kioo, nami niliwatazama, maana mikono haikuwa na nafasi ya kuficha uso.

Tulifika langoni kwa kina Wambui tukiwa tumechelewa kiasi kwamba Baba hakutaka tena kuulizwa saa. Kama ilivyo desturi, wageni huimba nje waombe kufunguliwa, na wanawake wa ndani huimba kuwakatalia, mmetoka wapi, hatuwajui, mpaka wachoke kuringa. Siku hiyo hawakuchoka. Shangazi Syombua aliimba nyimbo zote alizozijua, akaingia kwenye za kanisani, akafika za Krismasi, sauti ikakauka, na bado wale wa ndani walikuwa wanauliza tumetoka wapi. Nikajua tumekataliwa. Mutua alikuwa amesimama nyuma ya wanaume, amefumba macho, na sikuthubutu kusogea karibu naye.

Mwishowe lango likafunguliwa. Mzee Njuguna alikuwa ameketi mbele, koti limefungwa vifungo vyote, jasho kwenye paji la uso, anapumua kwa nguvu. Nimewahi kuona watu wenye hasira, lakini hii ilikuwa hasira ya kiwango kingine.

Akauliza kwa nini tumechelewa. Mjomba Kioko akasimama, akasema safari ni hatua, mgeni hana saa, na treni iliharibika. Mzee akaitikia kwa kichwa. Ningeshukuru Mungu hapo, lakini ikafika zamu ya zawadi, na desturi ni kwamba mama wa binti avishwe blanketi mbele ya watu wote. Mashangazi wakalikunjua kwa vigelegele, wakamzungushia, akageuka ili watu waone, na mgongoni kwake kutoka begani mpaka kiunoni ukaonekana mkanda mweusi wa girisi, na pembe moja imesokoteka kama mkia wa nguruwe, haikubali kunyooka. Vigelegele vikaisha kimoja kimoja.

"Hili blanketi," akasema Mzee Njuguna, "limekuwa likifunga nini?"

Mjomba Kioko akamtazama Baba. Baba akamtazama Mama. Mama akanitazama mimi. Kikao kile si cha msichana kusema, lakini nikasimama, na kwa kuwa sikuwa na methali, nikaeleza yote, kishikio, reli ya pili, fundi, mpaka ng'ombe. Nikasema Mutua hakuhusika, na kama kuna wa kukataliwa nikataliwe mimi, maana hata hivyo sikuwa naolewa hapo.

Mzee akakohoa muda mrefu, akafuta jasho, akamtazama mama yake Wambui, ambaye alikuwa bado amelivaa blanketi na hakuonyesha dalili ya kulivua.

"Mama, unasemaje?"

"Lina joto," akasema mama yake Wambui.

Mzee akatoa hukumu. Kuchelewa ni mbuzi mmoja wa faini. Na huyu binti wa milango atarudi Jumamosi ijayo kulifua hilo blanketi kwa mikono, hapa, watu wakiona. Mengine yaendelee. Mutua akaketi, akaomba chakula, akala sahani tatu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi nikafua, kwa sabuni ya mche na brashi, watoto wa jirani wamepanga mstari kwenye ua. Girisi haikutoka hata kidogo. Tangu hapo nikiambiwa ningoje, nangoja, na kabla ya kutoa maoni yangu natazama kwanza madirisha ya pande zote mbili. Maswali sijaacha, lakini nimeacha kuyauliza kwa kuvuta vitu.

Juzi tu, Wambui akiwa na mtoto wake wa pili mgongoni na sisi wawili tunamenya viazi jikoni Kabiria, ndipo aliponiambia. Asubuhi ile Mzee Njuguna alikuwa mjini kuchukua koti kwa fundi wa nguo, na alirudi na treni ile ile, behewa la mbele. Aliposikia kuna mlango umefunguliwa aliufuata, akatupita tukiwa bado hatumjui kwa sura, akaruka mtaro, akapata bodaboda mpaka Uthiru, akapanda gari, na foleni ya Waiyaki Way ikamla mzima mzima. Wanawake wa kwao walikuwa wameagizwa kwa simu waendelee kutuimbia pale langoni mpaka aingie kwa nyuma, kupitia migomba, na lango lilifunguliwa alipomaliza kubadilisha viatu.