Jogoo wa Kumpongeza Mjukuu kwa Kunenepa

Mjukuu wangu wa kike aliporudi likizo kutoka chuo kikuu alikuwa amenenepa, na nyumba nzima ilifurahi. Kwetu hapa Mazinde mtu akirudi amekonda tunauliza kama anaumwa. Akirudi amejaa, tunajua mambo yake yamenyooka. Bibi yake alimzungusha pale uani kama anayekagua mbuzi mnadani, akasema, "Mke mwenzangu, chuo kimekukubali. Huyu mzee sasa atanifukuza." Majirani nao wakaja, mara mashavu hayo, mara mikono hiyo. Yeye anacheka huku anavuta khanga mabegani.

Mimi shule niliishia darasa la pili, baba alikuwa mkata mkonge nami nikamfuata huko huko, kwa hiyo ya chuo usiniulize. Mkonge nao, mwiba wake ukikuchoma jichoni, haya, tuuache. Kesho yake nilimkuta mjukuu nyuma ya banda la kuku anakula maandazi kwenye mfuko, na ugali tumetoka kula sasa hivi. Nikamtania kwamba mke wangu, mbona unajificha, mumeo sina hata meno ya kukunyang'anya. Hakucheka.

"Sina njaa, babu," akasema. "Nikiwa na huzuni ndiyo nakula."

Akanieleza polepole. Amefeli masomo, akirudi anarudia mitihani, na akifeli tena wanamtoa. Akikaa kusoma haoni kinachoingia, anakwenda kununua chipsi. Akizimaliza anajichukia, halafu anakwenda tena. Kula na wenzake ameacha, anaona haya. Akaniomba bibi asijue, maana bibi ameshamtangaza kila mahali.

Mama yangu alipofariki waliniletea bada, ule ugali wa muhogo, wakanibembeleza weee, tonge likagoma kushuka. Huzuni ninayoijua mimi inafunga koo. Hii inayofungua mdomo sijawahi kuiona, na dawa yake siijui. Nikamwambia pole, na kwamba bibi hatasikia kwangu, basi.

Siku ya kuondoka bibi alichinja jogoo wa kumpongeza kwa kunenepa, na shangazi zake wakaja kula naye. Wakamwekea paja. Wakamwekea na firigisi, ambayo miaka yote katika nyumba hii ni yangu. Akimaliza wanaongeza, wanasifu, wanaongeza. Machozi yakamtoka, shangazi mmoja akasema ni pilipili, wakacheka. Nikawaambia mwacheni, ameshiba. Bibi akanigeukia.

"Mzee una wivu na firigisi yako?"

Wakacheka tena, na yule mtoto akala, kwa sababu angeacha wangemuuliza ana nini. Mimi nilikuwa nimeahidi kunyamaza.

Mombo tulimpandisha basi. Wauza mayai na machungwa wamejaa madirishani, kelele tupu, na bibi akapenya katikati yao akampa kikapu: maandazi, karanga, mayai ya kuchemsha. Akamwambia ale, asije akatuaibisha kwa kurudi amekonda. Mimi nilitaka kumwambia neno moja la mitihani, sikulipata. Nikamwambia, "Mke wangu, salama." Akasema, "Shikamoo, babu," kama ndiyo kwanza tunaonana.

Basi halijaondoka, mkono wake ulishaingia kikapuni.

"Unaona anavyovipenda?" bibi akaniambia.

Nikasema naona.