Hilo Jina Sikuliridhia

Hebu niambie, msomaji: ungeitwa jina lisilo lako, kazini kwako, mwaka hadi mwaka, ungeitika?

Saa mbili asubuhi, Mji Mkongwe. Mwanakheir Ubwa, mpokezi wa nyumba ndogo ya wageni, anapangusa meza, anabadilisha asumini kwenye bakuli la maji, anatundika funguo kila moja mahali pake. Kifuani ana kibao cha shaba kilichosuguliwa kikang'aa: LULU.

"Lulu!" Ni mwenye nyumba, Bwana Talib, anaita kutoka ghorofani.

"Naam!"

Kisha anauma mdomo, ananigeukia mimi niliyekuja kumsikiliza. "Unaona? Hiyo naam ndiyo inayonichoma."

Siku ya kwanza ya kazi aliambiwa Mwanakheir ni jina refu, wageni watajing'ata ulimi. "Wageni hao hao wanatamka jina la kila samaki aliyemo kwenye menyu," anasema, sauti imepanda. "Langu ndo liwashinde? Lulu jina la paka!"

Mwanakheir ni jina la bibi yake wa Bwejuu, aliyemsomesha kwa kusokota kamba za makumbi ya nazi mpaka viganja vikaota sugu. Jina hilo ndilo urithi pekee aliomwachia.

Mwaka huu alijiunga na kozi ya mawasiliano katika chuo kikuu kimoja huko Tunguu. Kila Jumamosi huondoka nyumbani kwake Michenzani na kanzu aliyoipiga pasi tangu Ijumaa. Alidhani atafunzwa kutabasamu vizuri. Mwalimu wake, Bi Nadra, akamuuliza swali jingine.

"Ulipopewa hilo jina, ulisema nini?"

"Nilinyamaza, mwalimu."

"Ukanyamaza. Na yeye akasikia nini?"

Hapo, anasimulia, alikumbuka jambo, akalieleza darasa. Siku ya ndoa yake baba yake aliingia chumbani kumuuliza radhi. Akainamisha kichwa, kimya. Baba akatoka akawaambia watu: karidhia.

Mwenzake wa darasani, Maisara, akapasua kicheko: "Kumbe huyu kaolewa mara mbili!"

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka.

"Mume nilimtaka!" anasema, akipiga meza hata maji ya asumini yakamwagika. "Lulu nani kaniuliza? Tumefunzwa adabu ni kunyamaza. Haya, tumenyamaza. Kafaidi nani?"

Hasira zake nyingine ni juu yake mwenyewe. Somo lenyewe, kwamba kimya husikika kama kuridhia, kaliandika katika mtihani, kafaulu, na Jumatatu karudi mezani kuitika vile vile.

"Lulu!"

Safari hii haitiki. Anafuta maji kwa kitambaa, polepole.

"Lulu! We Lulu!"

Viatu vinashuka ngazi. Bwana Talib anatokeza, miwani juu ya paji la uso. "Mbona nnakwita huitiki? Umeziba masikio?"

Mwanakheir anakibandua kibao kifuani, anakilaza mezani mbele yake.

"Nimekusikia, Bwana Talib. Lakini mimi naitwa Mwanakheir. Niite Mwanakheir, ntakuitika."